Mchicha wa Pazi

Mtani wangu Mwanahawa,

Alhamisi iliyopita bodaboda mmoja kutoka Chanika alisimamisha pikipiki mlangoni kwangu, akamkabidhi binti yangu Agnes fungu la mchicha na ujumbe wako. Agnes aliniletea vyote kitandani, na sauti yako akaiiga: "Mwambie huyo Mnyamwezi nimesikia anajifanya mgonjwa. Asithubutu kufa kabla sijafika. Nimengoja miaka kumi na moja nimzike kwa mikono yangu, asinidhulumu. Na mchicha ale tu, asiogope, huu nimenunua sokoni. Mie sipandi tena."

Agnes alicheka mpaka akaegemea mlango. Mimi nilimwomba anigeuze nitazame ukuta. Yeye alisikia utani. Mimi niliyasikia yale maneno matatu ya mwisho.

Ndiyo maana naandika. Figo zangu zimekwisha, miguu imevimba, na daktari siku hizi akizungumza nami anatazama dirisha. Mkono wangu bado unatii kwa nusu saa hivi kila asubuhi, kabla ya dawa, kwa hiyo barua hii imenichukua asubuhi sita. Utasamehe mistari inayopanda na kushuka. Sikuombi usamehe kingine chochote.

Na kwa kuwa barua hii wataisoma watu wengi, nieleze kwanza jambo ambalo wewe huhitaji kuelezwa. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, wewe ni Mzaramo wa Kisarawe. Makabila yetu ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, kukuvua kofia, hata kumcheka maiti wako kabla hajazikwa, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aliyekosa ni wewe. Sheria hiyo ni nzuri. Imewafanya watu wasiojuana wawe ndugu katika jiji hili. Mimi niliitumia kujificha.

Unakumbuka siku niliyohamia Yombo? Lori lilishindwa kuingia uchochoroni, ikabidi nishushe vitu nivibebe mwenyewe. Nilikuwa na katoni la vitabu kichwani, jasho limeniingia machoni, ndipo nikasikia sauti ya mwanamke kutoka bondeni:

"Jamani njooni muone! Wapagazi wamefika! Safari hii mmebeba nini, pembe za ndovu au madaftari?"

Nilitua katoni. Nilikuona umesimama katikati ya matuta, khanga imefungwa kiunoni, keni ya kumwagilia mkononi. Nikakujibu: "Na nyie Wazaramo, kuna kiwanja mmebakiza hapa, au vyote mmeshauza mkapikia pilau?"

Mumeo Pazi alicheka mpaka akakaa juu ya tuta la matembele. Jioni hiyo ulinipandishia sinia la wali kwa mboga, ukamwambia mke wangu, "Mama, pole kwa kuolewa na mzigo." Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mtaa ule ulikuwa na kila aina ya mtu: Mangi wa duka, fundi Mmakonde aliyechonga mpingo barazani na vumbi lake jeusi, Wangoni, Wahaya, Wamakua. Lakini siku ya msiba, siku ya ngoma, hata siku ya mkutano wa mtaa, waliokuwa wakisubiriwa ni wawili, mimi na wewe. Watu walikuwa wakiuliza, "Watani wamefika?" kabla ya kuuliza kama chakula kimeiva.

Nataka ukumbuke siku ya kumzika mama yangu, kwa sababu nitairudia. Jeneza lilikuwa limeshushwa kwenye gari, padri ameshika kitabu, sisi wanawe tumebeba. Ukatoka nyuma ya watu ukaenda kukaa chini, katikati ya njia ya kwenda kaburini, miguu umeinyoosha mbele.

"Hapiti," ulisema. "Huyu bibi wa Kinyamwezi ana unga wangu. Alikopa pakacha zima. Hapiti mpaka nilipwe."

Padri alikuwa mgeni, akakodoa macho. Kaka yangu akakuletea jogoo. Ukamkataa: "Jogoo mwenyewe amekonda kama Mwalimu." Akaongeza khanga. Ukaipokea, ukaivaa, ukainuka, na ulipopita karibu yangu niliona uso wako umelowa machozi. Ulikuwa umemwogesha mama yangu wiki tatu za mwisho. Ulitukalisha pale juani tukacheka ili tusianguke. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Wewe uliijua.

Sasa nifike kwenye yangu.

Kulikuwa na ile kamati ya usafi ya mtaa, nami nilikuwa mwenyekiti. Mwalimu wa baiolojia, nani mwingine angefaa? Kila Jumamosi nilipita na filimbi shingoni, watu wakatoka na mafagio na makoleo, wewe ukitutania njia nzima. Kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya serikali ya mtaa nilikuwa nikibandika majina ya waliotapisha vyoo. Wasioishi mabondeni wajue maana yake. Mvua kubwa ikinyesha, mtu anatoboa ukuta wa shimo la choo upande wa mteremko, maji ya mvua yanabeba kilichomo, na mvua ikikatika hakuna ajuaye kilikuwa cha nani. Nililaani jambo hilo mikutanoni. Nilimbandika fundi Mmakonde ubaoni kwa choo kilichovuja chenyewe, na wateja wake wakaanza kuruka baraza yake. Nilijiona mtu wa maana.

Mwaka ule Agnes alichumbiwa na kijana wa Mikocheni. Sherehe ya kumuaga ilipangwa nyumbani kwetu Jumamosi, na wakwe walikuwa watu wa vyoo vya vigae. Wiki hiyohiyo choo changu kikajaa. Gari la kunyonya lisingeweza kuingia uchochoroni. Lingesimama dukani kwa Mangi, mpira ungepita mbele ya nyumba kumi, na kila mtu angejua kwamba choo cha mwenyekiti wa usafi kimefurika. Nikikumbuka sasa nashindwa kujielewa. Kila choo hujaa. Hakuna ambaye angecheka zaidi yako, na wewe ungecheka siku moja tu.

Jumanne, saa tisa alasiri, mvua ya masika ilishuka kwa nguvu, mabati yakapiga kelele kiasi kwamba redio haisikiki. Mke wangu na Agnes walikuwa kwa fundi cherehani. Milango yote ya mtaa ilikuwa imefungwa. Nilichukua mtaimbo, nikazunguka nyuma, nikatoboa. Sikupata shida, tofali lilikuwa limeshalegea. Nilisimama na mwavuli nikitazama kilichotoka kikiingia kwenye mtaro, na mtaro ule, Mwanahawa, unajua ulikokwenda. Ulikwenda bondeni. Ulipita pembeni mwa matuta yako, ukaingia kwenye kile kisima kifupi ambacho Pazi alikichimba mwenyewe, cha kuchota kwa kopo.

Nilijua. Nataka neno hilo lisomwe vizuri. Nilifundisha baiolojia miaka thelathini na miwili. Nilichora ubaoni, kila mwaka, kwa chaki za rangi, mishale inayotoka chooni kwenda kwenye maji, kwenye maji kwenda kwenye mkono, kwenye mkono kwenda mdomoni. Wanafunzi waliokosea mshale mmoja nilikuwa nikiwanyima alama.

Jumatano asubuhi mbingu zilikuwa zimetakata. Yangeyange weupe walikuwa wameshuka bondeni wakitembea kati ya mchicha wako kama wakaguzi, vyura wanalia kwenye matete, kunguru wamejipanga juu ya paa la Mangi. Nilisimama dirishani na chai yangu. Pazi alikuwa peke yake shambani, anainua matuta yaliyobomoka. Alifanya kazi muda mrefu, kisha akasimama, akaenda kisimani, akachota kopo, akanywa. Akachota tena. Alipoinua uso akaniona dirishani, akanipungia mkono uliokuwa umeshika kopo.

Nami nikampungia.

Ningeweza kupiga kelele. Dirisha lilikuwa wazi, na sauti yangu wakati ule ilikuwa inafika uwanjani shule nzima ikanyamaza. Ningesema, "Pazi, usinywe!" angeuliza kwa nini, na ningelazimika kujibu. Nilimpungia, nikamaliza chai.

Kama unatafuta mahali pa kuamini kwamba sikujua uzito wake, sikiliza hili la Jumamosi. Ulipanda kwangu asubuhi na mafungu mawili makubwa ya mchicha, zawadi yako kwa bibi harusi. Ulisema Pazi tumbo linamsumbua tangu jana yake, amebaki amelala, lakini wewe usingekosa. "Wapelekee wakwe wa Mikocheni wale chakula cha Wazaramo, wapate nguvu za kukanyaga lami yao." Niliyapokea kwa mikono miwili. Nikakushukuru. Ulipogeuka nilimwambia mpishi ayatupe kwenye pipa nyuma ya jiko, apike kabichi tuliyonunua Buguruni. Nililinda matumbo ya wageni wangu. Hukubaki sana, ulicheza nyimbo mbili, ukarudi kwa mgonjwa. Mpaka unaondoka sikukwambia umpeleke hospitali, sikukwambia umpe maji ya chumvi na sukari, mambo niliyowafundisha watoto wa watu kwa miaka.

Jumapili alfajiri Pazi alikufa.

Turubai la sherehe lilikuwa halijashushwa. Watu walilivuta mita chache wakalielekeza kwako, viti vilevile vya plastiki, riboni nyeupe bado zimefungwa kwenye nguzo mpaka Mangi akazikata kwa kisu cha mkate. Maiti ilikuwa inaoshwa ndani, shehe anangoja nje, ndipo mazungumzo yakaanza.

"Sio bure," alisema Mangi. "Tangu ile mvua ya Jumanne nyumba tatu za huku chini zinaharisha. Kuna mtu katapisha."

"Nani sasa?"

"Mtaro ulikuwa unanuka mpaka kwangu. Ni huko juu huko." Akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye mwenyekiti. Hebu tusaidie. Huko juu ni nani?"

Hakuna aliyenishuku. Waliniuliza kwa heshima. Lakini huko juu nyumba zilikuwa nne, na mtu mmoja akienda kuzunguka nyuma angeliona tofali jipya nililozibia tundu. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikainuka.

Nililichukua koti la Pazi lililokuwa limetundikwa kwenye msumari wa baraza, nikalivaa. Nikavaa na kofia yake. Nikachomoa fungu la mchicha kwenye ndoo ya wapishi, nikalikumbatia, nikajikunja tumbo nikayumba katikati ya turubai na sauti yake ya puani:

"Jamani, mnamtafuta nani mbali hivyo? Aliyeniua ananipikia kila siku! Leo mchicha, kesho mchicha, Idi mchicha! Mwanahawa mke wangu, si ungeniacha nikagongwa na gari kama wanaume wenzangu?"

Turubai lililipuka. Mwanamke mmoja aliangusha sinia. Shehe aliinamisha uso ili meno yasionekane. Nikaona wanavyocheka nikaendelea, nikaanguka chini, nikatetemesha miguu, nikafa na mchicha mdomoni. Lilikuwa igizo langu bora kuliko yote. Nyumba nne za juu zikasahaulika.

Na wewe, kutoka ndani, nyuma ya pazia, ukapaza sauti kama ulivyotakiwa: "Mnyamwezi mbeba mizigo! Ngoja ufe wewe, utaona nitakavyokufanya!" Watu wakapiga makofi.

Kabla jeneza halijatoka uliniita ukumbini. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, umejifunika khanga mpaka kwenye nyusi. Hukuniita mtani.

"Mwalimu," ulisema, "haya ya mchicha, umetania? Au kuna kitu unakijua? Wewe umesoma. Niambie mie."

Nilikuwa bado nimevaa koti la mumeo. Wanawake watatu walikuwa wamekaa karibu. Ningeweza kukuinamia sikioni nikakwambia, "Nimetania, mtani wangu, mchicha wako hauna kosa." Huo ungekuwa uongo nusu na ungekutosha kuishi nao. Nikasema kwa sauti, ili wasikie:

"Mtani, mimi natania. Mchicha wako ndio hautanii."

Wale wanawake wakaziba vinywa kwa khanga wakitikisika mabega. Wewe ulitazama mikono yako. Uliitazama muda mrefu, upande wa juu, kisha viganja.

Bwana afya alikuja siku ya tatu. Nilimtembeza mimi, kama mwenyekiti, na nilimpitisha mbali na nyuma ya nyumba yangu. Alipima kisima, akasema maji ni machafu, shamba lisimame. Aliuliza kama wakulima wanatumia kinyesi kama mbolea. Nilimwambia, "Huwezi kujua, watu wengine hawajasoma." Jioni nilikwenda kuongeza saruji kwenye tundu.

Eda ulikaa yote. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, na mchicha kule nje unakua mpaka unatoa mbegu, hakuna anayevuna. Siku ilipokwisha, wenzako walikungoja na maji ya kuoga na nguo mpya. Ulipita kati yao ukashuka bondeni. Nilikuona kutoka dirisha lilelile. Uling'oa tuta kwa tuta, kwa mikono, na mizizi, na vile vidogo vilivyoota vyenyewe pembeni, ukavirundika ukavichoma moto, vibichi vile, moshi ukajaa mtaa. Mke wangu akasema, "Nenda kamwambie mtani wako basi inatosha." Nikamwambia namwachia apumue.

Ulidhani ulimlisha mumeo kifo kwa mkono wako. Nilijua unavyodhani. Nilikuacha.

Mtaa nao haukukuacha. Maneno yangu yaliota miguu yakatembea. Simu ikiharibika, "Hii nayo mchicha wa Pazi." Mtihani ukiwa mgumu, "Ule mchicha wa Pazi." Niliusikia msemo huo darasani kwangu, kutoka kwa watoto ambao hata hawakumjua Pazi, na nikacheka nao. Kisha ikaja ile shughuli ya kigodoro, ngoma ya kukesha, kwa jirani yako, spika zimepangwa mpaka mlangoni pako tangu mchana, muziki wa singeli unatetemesha vyombo. Mimi nilikuwa nimekaa viti vya mbele, mgeni wa heshima. Yule mshereheshaji akakuona unatoka kutupa takataka, akashika kipaza sauti:

"Oyaa, nani kala mchicha wa Paziii?"

Na umati mzima, wake kwa waume, ukajibu: "Nimekufaaa!" na wakaanguka chini wakitetemesha miguu. Lilikuwa igizo langu. Walikuwa wamelihifadhi lote. Wewe ulisimama na ndoo yako ya takataka ukatabasamu, kwa sababu sheria ni ileile, asiyecheka ndiye mkosaji.

Wiki iliyofuata guta la matairi matatu lilibeba godoro lako, kabati na sufuria. Nilikuja kukuaga. Nilishindwa kufungua mdomo bila kutania, nikasema, "Mzaramo, na hiki umeshauza?" Ukanijibu taratibu, "Nakuachia bonde, Mnyamwezi. Ulitunze." Ukapanda mbele kwa dereva na hukugeuka.

Sikulitunza. Kuna nyumba kumi na mbili pale sasa, ukuta kwa ukuta, na vyoo vyake vyote vinatapishiwa palepale kilipokuwa kisima. Yangeyange hawashuki tena. Kunguru ndio wamebaki, wanakula chochote.

Siku hizi siendi chooni. Agnes huniwekea beseni, hunigeuza, hunifuta, hubeba na kwenda kumwaga. Yule niliyefanya yote ili asione aibu siku moja mbele ya wakwe, ndiye anayebeba vyangu kila siku, mara tatu, mara nne. Juzi nilimpa karatasi hizi asome, kwa sababu ni yeye atakayezinakili. Alisoma amesimama. Aliuliza swali moja tu: "Yale mafungu mawili. Uliyatupa kweli, Baba?" Nikasema ndiyo. Alichukua beseni akatoka. Bado ananihudumia, hakosi saa hata moja, lakini tangu juzi hajasema nami neno. Mikono yake imekuwa ya muuguzi. Hiyo ni haki yake, na wala haijafikia nusu.

Mwanahawa, sasa lisome hili polepole, na kama kuna mtu anakusomea, arudie. Hukumuua Pazi. Mboga yako haikumuua. Aliuawa na maji ya kisima, na maji ya kisima yaliharibiwa na choo changu, nilichokitoboa mimi, nikijua. Mchicha wako ulikuwa safi mpaka siku niliyoumwagia mimi. Nilichokisema kwenye turubai hakikuwa utani. Kilikuwa uongo, na nilikivalisha koti la utani ili usiweze kunishtaki. Unaweza kupanda. Ulikuwa unaweza kupanda miaka yote kumi na moja.

Sikutaka nikwambie haya kwa mdomo utakapokuja. Nikikutazama nitatania, najijua. Na ungeyasema wewe msibani kwangu, watu wangedhani ni zamu yako, wangecheka. Ndiyo maana nimeandika, na ndiyo maana barua ni ya wazi. Nakala moja itakufikia Chanika kwa mkono wa Agnes. Nyingine itabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, pale nilipombandika fundi Mmakonde, na itasomwa kwenye turubai langu kabla ya mtani yeyote kuinuka.

Umesema unakuja kunizika. Usipokuja, nitaelewa, kama maiti huelewa. Ukija, nina ombi moja, si la kunisaidia mimi. Kaa kwenye njia. Kaa chini katikati, kama ulivyomkalia mama yangu, unyooshe miguu. Nimewaagiza wanangu wasikuletee jogoo, wala khanga, wala neno la kukubembeleza. Wakiweka jeneza chini, wangoje. Padri akichoka, aende. Jua likiwaka, liwake, na nikianza kunuka, kunguru na wapita njia wajue ni mimi. Hakuna mtu wa kukuinua pale isipokuwa wewe mwenyewe, siku utakayotaka.

Na kama utainuka ukaenda zako moja kwa moja bondeni, palipokuwa matuta yako, bila kuniruhusu nipite, nimeshawaambia hiyo nayo ni njia ya kuzika.

Sijiiti tena mtani wako. Jina hilo nililiharibu.

Jirani yako wa upande wa juu,
Mwalimu